Anti Lita na Treni Iliyoishia Njiani

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ilikuwa kumkatiza Anti Lita maneno.

Si kwa ubaya. Nilikuwa karani wa ukumbi wa baraza la jiji hapa Honolulu, na katika kazi zangu ilikuwamo ya kubonyeza kengele. Raia akija kutoa maoni anapewa dakika moja. Ikiisha, kengele inalia, naye anasema asante na kwenda kukaa. Wengi hufanya hivyo. Estrelita Agliam, yaani Anti Lita, dereva wa basi mstaafu wa mtaa wa Kalihi, hakuwa mmoja wa hao wengi. Kengele ikilia, alinigeukia kama mama aliyeitwa na mtoto huku mafuta yako motoni.

"Subiri kwanza, Kengele," ananiambia, kisha anaendelea.

Hata jina langu halisi alikuwa halijui. Mke wangu alipokutana naye sokoni aliulizwa, "Wewe ndiye mke wa Kengele?" na tangu siku hiyo nyumbani nako nikawa Kengele.

Kilichomleta ukumbini kilikuwa kitu kimoja tu: treni ya juu. Ilipangwa ianzie upande wa magharibi wa kisiwa, ipite juu ya nguzo za zege, na kuingia mjini baada ya miaka michache. Miaka ikazaa miaka. Gharama zikapanda hadi watu wakaacha kushtuka. Wakuu wa mradi wakabadilishwa kama soksi. Hatimaye treni ikaanza kutembea kweli, lakini ikaishia ukingoni mwa Kalihi, mbali na maofisi ya mjini na mbali zaidi na hoteli za Waikiki, yaani mbali na kule hasa watu walikokuwa wakienda.

"Mtu akikujengea daraja likaishia katikati ya mto," Anti Lita aliwaambia madiwani, "humwambii asante. Unamuuliza kama ana akili timamu." Ukumbi mzima ulicheka. Nilibonyeza kengele huku nimejiziba mdomo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa cha basi bila kipaza sauti. Mama yake alimleta kisiwani kutoka Ilocos, ng'ambo ya bahari, akiwa msichana wa miaka tisa. Alipoanza kuendesha basi, madereva wanawake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Siku yake ya kwanza mzee mmoja alipanda, akamwona kwenye usukani, akageuka akashuka. Kesho yake Anti akasimama kituo kilekile, akafungua mlango.

"Leo unapanda, babu, au tuonane tena kesho?"

Mzee akapanda. Anti aliendesha miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo kwenye njia ya arobaini, ile ya kwenda Makaha mwisho wa pwani, na mzee yule alipofariki, familia yake ilimwita mazikoni.

Katika vita vya treni alikuwa na mwenzake, Wendell Tamashiro, mwenye mkahawa wa supu ya tambi kwenye barabara kubwa ya Kalihi. Mkahawa aliachiwa na babu yake. Una meza tisa na kaunta, na supu inaanza kuchemka kabla jogoo hawajawika. Kwenye ramani ya mradi, nguzo zilikuwa zimepangwa kupita mbele ya mlango wa Wendell hasa, yaani mlango wenyewe, meza tatu na sehemu ya kuegesha magari vilikuwa viondoke. Kila mara kabla ya mkutano wa baraza wawili hao walikaa jikoni kwake wakiandika mabango. Wendell alikuwa na mwandiko mzuri. Anti alikuwa na maneno. Bango lao nililolipenda lilisema: TRENI HAINA NJAA, SISI TUNAYO.

Basi, baraza likachoka. Kila kikao kilikuwa cha treni, kila uchaguzi ulikuwa wa treni, na hakuna diwani aliyetaka jina lake liandikwe juu ya uamuzi wa mwisho. Wakaunda jopo la wananchi saba, wakalipatia miezi mitatu liamue moja kati ya mawili: treni iendelezwe mpaka mjini, au ikome pale ilipofika na fedha zilizobaki ziende kwenye mabasi. Madiwani wakaapa mbele ya kamera kwamba jopo likisema, wao watafuata.

Wajumbe sita walipatikana kwa urahisi. Wa saba alitakiwa awe mtu wa Kalihi anayeyajua mabasi. Diwani mmoja akasema, nusu kwa utani, "Tumpe kiti Anti Lita. Miaka yote hii amesimama."

Siku alipotangazwa, Wendell alifunga mkahawa saa mbili kabla ya wakati, jambo ambalo hakulifanya hata kimbunga kilipokuwa njiani. Akapika nguruwe wa kuchoma, akaita mtaa mzima. Mimi pia nilikwenda.

"Nilijua tu!" alisema, amemshika Anti bega. "Wametukabidhi kisu kwa upande wa mpini."

"Tulia, Wendell. Ni kura moja."

"Moja yako, dada, ni sawa na kumi zao."

Jopo lilikutana kila Jumanne chini ya Bibi Haunani Pelekai, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hakuhitaji kengele kwa sababu akivua miwani tu watu walinyamaza. Kila mjumbe alipewa jalada lenye kurasa mia nne. Anti alilisoma lote, jioni kwa jioni, kwenye meza ya jikoni, huku mumewe Rogelio akichambua majani ya mlonge upande wa pili na kuulizwa maswali asiyoyaelewa.

"Rogelio, 'makadirio ya mahitaji ya abiria' maana yake nini?"

"Maana yake hawajawauliza."

Wiki ya nane ikawa wazi kwamba watatu wanataka iendelee na watatu wanataka ikome. Macho yote yakageukia kiti cha saba. Kila mtu alijua jibu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza, isipokuwa Bibi Pelekai.

"Bi Agliam, umeshapanda treni yenyewe?"

Anti akakohoa. Alikuwa ameapa hadharani, mbele ya televisheni, kwamba mguu wake hautakanyaga ndani ya treni ile hata kama mvua inanyesha mawe.

"Bado," akasema.

"Ulipokuwa dereva, mlikuwa mnapewa njia mpya bila kuipitia kwanza?"

Hilo lilimkaa Anti vibaya, maana kati ya madereva ni aibu kuitangaza njia usiyoipita.

Mimi ninaishi Waipahu, magharibi mwa mji, na treni ndiyo iliyokuwa ikinileta kazini. Alhamisi ile, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilimwona jukwaani mwanamke mmoja amevaa kofia ya majani pana kama sinia, miwani ya jua wakati jua lenyewe halijachomoza, na kitambaa mpaka puani. Mabega niliyatambua.

"Anti?"

"Simo," akasema. "Hujaniona."

"Sawa, Anti."

"Na usiniite Anti."

Alikuwa ameletwa na Rogelio kwa gari mpaka Waipahu ili asionekane akipandia Kalihi. Tukaingia. Akakaa dirishani, mikono juu ya mkoba, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Treni ikaondoka. Chini yetu barabara kuu ilikuwa mkufu wa taa nyekundu, magari yamesimama toka mwanzo mpaka upeo wa macho. Anti akaiangalia ile foleni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa ndani yake. Niliona kofia inageuka polepole kufuata taa zile mpaka zilipokwisha.

Kituo kilichofuata waliingia wanawake kama sita wenye sare za hoteli. Mmoja wao, Msamoa mwenye umbo kubwa na ua nyuma ya sikio, alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akainama kuchungulia chini ya kofia.

"Ati ni nani huyu? Anti Lita! Anti wa basi la arobaini!"

Behewa zima likageuka.

"Nyamaza, Sina," Anti alisema kwa sauti ya chini.

"Ninyamaze nini? Jamani, huyu ndiye aliyenipeleka shule, huyu ndiye aliyenipeleka kujifungua! Anti, si ulisema kwenye televisheni hutapanda?"

Watu wakacheka, na Anti akavua kofia, maana haikuwa na kazi tena. Sina Faalogo akajibana kando yake, akatoa kwenye mfuko wali uliobanwa na kipande cha nyama ya kopo, akaukata nusu, akampa. Wakala. Sina alikuwa msafishaji wa vyumba Waikiki, mwaka wa kumi na tisa huo, na bado alikuwa anakaa Nanakuli, kule pwani ya njia ya arobaini.

"Sasa hii inakusaidia, au ni kelele tu?" Anti akamuuliza.

"Inanisaidia mpaka mwisho wake. Nikitoka na basi, nikishika hii, napaa juu ya foleni kama ndege. Halafu inafika pale Kalihi, inanishusha. Nasimama tena, nangoja basi tena, naingia foleni tena. Anti, hii treni ni kama mchumba anayekusindikiza mpaka getini kila siku, ndani haingii. Sijui ananipenda au ananipotezea muda!"

Wenzake wakapiga makofi. Anti pia akacheka, kisha akaacha.

"Wako watu wanasema ikome palepale."

"Najua. Si ndio wewe?" Sina hakusema kwa hasira. Alikuwa anajifuta vidole. "Unakumbuka mwaka ule wa mafuriko? Uliambiwa kwenye redio ya basi ushushe watu pale kwenye kiwanda cha sukari, urudi. Tulikuwa thelathini na kitu ndani, mimi na mtoto mgongoni. Ukawajibu nini?"

Anti aliangalia mikono yake.

"Ukawajibu," Sina akawaambia wenzake, "'Hawa nimewapakia waende kwao. Hapa si kwao.' Ukazima redio. Ukatufikisha mmoja mmoja mpaka Makaha, maji yanagonga ngazi."

"Nilipewa barua ya onyo kwa hilo," Anti alisema.

"Tulisikia. Tukakuombea kanisani."

Tulipofika mwisho wa reli, wote tukashuka. Anti alisimama na wanawake wale kwenye kituo cha basi dakika ishirini na tano. Basi lao lilipotokea, mimi nilimwacha pale, nikapanda langu la kwenda ukumbini.

Kilichofuata nilisimuliwa na Rogelio, aliyekuwa amekaa meza ya pembeni akijifanya anasoma gazeti. Ilikuwa Jumatatu, siku moja kabla ya kura. Anti aliingia mkahawani baada ya wateja wa mchana kwisha. Wendell alikuwa anakatakata vitunguu vya majani.

"Kaa, nikuwekee bakuli."

"Kwanza nikwambie kitu. Sitaki ukisikie kesho kwenye televisheni."

Kisu kikasimama.

"Nitapiga kura iendelee, Wendell."

Rogelio anasema friji ilisikika inanguruma kama trekta.

"Umenunuliwa," Wendell alisema mwishowe.

"Usinitusi."

"Basi umerogwa. Miaka kumi na miwili, Lita! Nani aliyeandika mabango yale? Nani aliyesema treni haina njaa?"

"Mimi. Na sijafuta hata neno. Walituongopea, walichelewa, walipanga vibaya. Lakini sasa imesimama palepale, inawashusha akina Sina nusu ya njia kila alfajiri. Nikisema ikome, nimewashusha mimi."

"Na mimi je? Mimi nashukia wapi?" Alionyesha mlango kwa kisu, mlango wa vioo wenye jina la babu yake limepauka. "Nguzo inaingia hapo. Hapo hasa! Unanijia na huruma ya watu wa basi, mimi si mtu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

"Umekuja kuniaga."

Anti akalia. Rogelio, aliyeishi naye miaka arobaini, alikuwa amemwona akilia mara mbili tu. Wendell hakumfariji. Alirudi kwenye vitunguu vyake, akavikata mpaka vikawa uji, na bakuli halikuja. Baadaye mume na mke wakaondoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kupitia ule wa mbele.

Usiku huo Anti hakuandika bango. Aliandika masharti. Jumanne ukumbi ulifurika, nusu na mabango ya kuunga mkono na nusu ya kupinga, na Wendell alikaa safu ya tatu, mikono kifuani. Wajumbe sita wakasema yao, kila mmoja kwa dakika moja ya kengele yangu. Watatu kwa watatu. Bibi Pelekai akavua miwani.

"Bi Agliam?"

Anti alisimama amevaa shati lake la zamani la udereva, lililopigwa pasi.

"Iendelee," alisema, "mpaka mjini. Lakini nina masharti mawili, na yasipoandikwa kwenye uamuzi wenyewe, kura yangu ni hapana. La kwanza: treni ikifika kituoni, basi liwe limeshafika, linangoja. Abiria asingoje basi, basi limngoje abiria. La pili." Akafunua karatasi, ingawa aliyajua kwa moyo. "Isichimbwe nguzo hata moja mbele ya duka la mtu kabla mtu huyo hajapewa mlango mwingine, mtaa uleule, na funguo mkononi. Si ahadi. Funguo."

Kelele zikaanza pande zote mbili. Waliokuwa wakipinga walimzomea, mtu akapiga yowe "Msaliti!", na waliokuwa wakiunga mkono wakanung'unika kwamba masharti yatachelewesha kazi mwaka mzima.

"Mmechelewa miaka yote hii bila sababu," Anti akawajibu. "Mwaka mmoja wenye sababu hautawaua."

Dakika yake ilikuwa imepita zamani. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe, na nakiri hapa, kwa kuwa nimeshastaafu, kwamba sikukibonyeza.

Bibi Pelekai aliyaitishia kura masharti yale, nayo yakapita sita kwa mmoja. Kisha uamuzi wenyewe ukapita wanne kwa watatu. Nilipotazama safu ya tatu, kiti cha Wendell kilikuwa kitupu.

Miezi mitano hawakusemezana. Anti alikuwa anatembea upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya mkahawa, naye Rogelio akawa ndiye balozi: anampelekea Wendell mlonge, anarudi na salamu zisizo na mwenyewe. Kwenye kanisa lao kuna watu waliohama benchi ili wasikae naye. Yeye alisema ni afadhali, anapata nafasi ya kunyoosha miguu, lakini Rogelio aliniambia kwamba nyumbani alikuwa ameacha kuimba akipika.

Watu wa mradi walijaribu kukwepa sharti la pili. Walimpelekea Wendell barua ya ahadi. Kumbe alikuwa amelishika sharti lile neno kwa neno. Akaigeuza barua ile na kuandika nyuma yake, kwa ule mwandiko wake mzuri, FUNGUO, akaibandika mlangoni. Siku tatu baadaye maduka yote ya barabara ile yalikuwa na karatasi iliyoandikwa hivyohivyo. Anti aliziona kutoka upande wa pili wa barabara, akasimama akazihesabu, kumi na saba.

Funguo zikaja. Wendell alipewa jengo lililokuwa la dobi, mtaani palepale, vichochoro viwili kuelekea mlimani, lenye meza kumi na nne na paa lisilovuja. Alihamisha sufuria ya babu yake kwa mkokoteni, mwenyewe, akikataa gari.

Siku ya ufunguzi foleni ilizunguka kona. Wateja walipewa namba. Anti Lita alikwenda, akasimama kwenye jua kali kama wengine, kofia ile pana kichwani, na Rogelio nyuma yake amebeba mlonge. Mimi nilikuwa mbele yao watu wanne. Wendell alitoka na vijikaratasi vya namba, akatupa sisi sote kwa mpangilio, akafika kwa Anti, akamwangalia.

"Wewe themanini na mbili," akasema.

"Aliye mbele yangu ni thelathini na tano!"

"Unabishana na mwenye duka?"

Akangoja. Saa moja na nusu alingoja, akijipepea kwa namba yake, huku watu waliokuja nyuma wakiingia na kutoka na kumpa pole. Rogelio aliitwa mapema, akaingia, akala bila aibu. Mwishowe hakubaki mtu nje ila yeye.

"Themanini na mbili!" Wendell aliita kwa sauti kubwa, kana kwamba kuna umati.

Akaingia, akakaa kaunta. Bakuli likawekwa mbele yake. Wendell akaketi upande wa pili, akavua aproni.

"Bado nakuona msaliti," akasema.

"Najua."

"Mlango wa babu yangu wameubomoa wiki iliyopita. Nilikwenda kuangalia. Sikupenda."

"Mimi pia nilikwenda. Nilisimama upande wa pili."

"Nilikuona. Kofia hiyo inaonekana toka baharini."

Anti akavuta tambi, akatafuna.

"Haya, sema," Wendell akamwambia. "Supu imehama vizuri?"

"Chumvi imezidi."

"Haijazidi!"

"Wendell, nimekula supu hii miaka arobaini. Imezidi."

Wendell akachota kijiko kimoja kwenye bakuli la Anti, akaonja, akakunja uso, akainuka kwenda jikoni akiguna. Anti Lita akamwita Rogelio asogee, akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta.